Ajali Haina Kinga? Tafakuri Kuhusu Watoto na Roshani za Meli

Miongoni mwa methali zetu ambazo hutamkwa bila kuhojiwa ni ile isemayo kuwa ajali haina kinga. Wanafunzi wa fasihi simulizi huiorodhesha chini ya maudhui ya majaaliwa, kisha wakapita. Katika makala haya nanuia kuichunguza kwa makini zaidi, na mahali nilipochagua kuichunguzia huenda pakamshangaza msomaji: kwenye roshani ya chumba cha meli ya kitalii.

Sababu ni hii. Dada yangu mkubwa anaishi Texas pamoja na mumewe na watoto wao wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka mitatu. Walipanga safari ya juma moja kwa meli kutoka bandari ya Galveston. Dada alitamani chumba chenye roshani, apate kunywa chai ya asubuhi akiitazama bahari. Shemeji alishikilia kwamba, kwa watoto wa umri huo, heri chumba cha ndani kisicho hata na dirisha. Mama, aliye Mombasa, alipoulizwa kwa simu alijibu kwa utulivu, "Wanangu, ajali haina kinga. Lililoandikwa limeandikwa. Nendeni mkastarehe." Hapo ndipo dada aliponiandikia: "Wewe ndiwe unayesomea methali huko chuoni. Hebu niambie, mama kasema kweli?"

Swali hilo halikuwa la mtihani. Uhai wa wapwa wangu ulikuwa ndani yake. Nikaanza kusoma.

Ikumbukwe kuwa urefu wa ukingo wa meli haukuachiwa majaaliwa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 kuhusu mistari ya shehena uliweka kimo cha chini cha ukingo wa sitaha kuwa mita 1. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa meli za abiria ikaongeza kimo hicho hadi inchi 42, yaani takriban sentimita 107. Isitoshe, roshani nyingi za meli za kisasa zimezibwa kwa vioo chini ya ukingo, mtoto asipate pa kukanyaga. Kwa mtoto asimamaye sakafuni, hiyo ni kinga ya kweli.

Tatizo ni kwamba roshani haikosi kiti. Hebu tupige hesabu. Mtoto wa miaka sita aweza kuwa na kimo cha sentimita 115 hivi. Akipanda kiti chenye kimo cha sentimita 45, ukingo uliokuwa karibu na utosi wake sasa unamfikia kiunoni. Akiinama kutazama povu, kichwa na kifua vyote viko nje. Nayo meli iendayo kasi ya noti 20 husonga takriban mita 600 kwa dakika moja. Mzazi akirudi kutoka msalani, aliyeanguka keshaachwa mbali.

Wakati mwingine mtu mzima ndiye anayekuwa kiti. Mnamo Julai 2019, mtoto wa miezi 18 alianguka na kufa kutoka dirisha lililokuwa wazi, ghorofa ya 11 ya meli iliyokuwa imefunga gati San Juan, Puerto Rico. Alikuwa mikononi mwa mtu wa familia yake. Mnamo Juni 2025, msichana alianguka baharini kutoka meli ya Disney Dream iliyokuwa ikirejea Florida. Baba yake alijitosa kumfuata, na kwa bahati njema wote wawili waliopolewa wakiwa hai. Mkono wa mzazi una upendo, lakini upendo hauongezi kimo cha ukingo.

Je, methali imetudanganya? Sidhani. Miaka michache iliyopita, katika mtaa ninakoishi Nairobi, mtoto wa jirani alianguka kutoka ghorofa ya tatu. Vyuma vya roshani ile vimelazwa kimoja juu ya kingine kama vidato vya ngazi. Matangani, wazee waliwaambia wazazi wake kuwa ajali haina kinga, na maneno yale yalikuwa kama maji kwa mwenye kiu, kwani yaliwapunguzia mzigo wa kujilaumu. Juma lililofuata wapangaji walimwomba mwenye nyumba abadilishe vyuma. Naye aliwajibu kwa methali iyo hiyo. Vyuma vingali pale.

Kwangu mimi, hapo ndipo maana ya methali ilipojitenga mara mbili. Ikisemwa baada ya msiba, ni faraja. Ikisemwa kabla, ni kisingizio. Mahali pa kabla ya msiba pana methali nyingine isimamayo zamu: tahadhari kabla ya hatari. Mbili hizi hazipingani. Kila moja ina saa yake.

Wala mama hakuwa na kinyume na haya. Nyumba tuliyokulia katika Mji wa Kale ina roshani ya mbao. Neno roshani lenyewe tumelipokea kutoka Kiajemi, na asili yake ni nuru. Mama aliipenda nuru ile, lakini kila alasiri, kabla ya kuingia jikoni, aliondoa vigoda vyote na kutia komeo la juu tusilolifikia. Sikumbuki akituambia kuwa ajali haina kinga huku mlango uko wazi.

Basi nilimjibu dada kwamba achukue chumba chenye roshani akitaka, ila afanye alivyofanya mama. Amwombe mhudumu aondoe viti na meza. Aulize kabla ya kulipa kama mlango una kitasa cha juu. Asimwinue mtoto ukingoni hata kwa picha moja, na roshani isifunguliwe pasipo mtu mzima. Shemeji aliisoma barua, akakubali kwa sharti kwamba ufunguzi wa mlango uwe kazi yake. Walisafiri, wakarudi salama.

Sisi tunaosomea Kiswahili tuna wajibu wa kuuliza, si maana ya methali pekee, bali pia ni nani anayeisema, na kama ajali imekwisha kutokea au bado.