Kapu Moja, Masoko ya Nchi Mbili

Mtu wa Mombasa akisikia jina la Malaba hukumbuka malori. Huyaona kila siku yakitoka bandari ya Kilindini na makontena migongoni, yakielekea Uganda, Rwanda na Kongo, wala hajui kituo chao cha mwisho katika ardhi ya Kenya kikoje. Sisi nasi hatukujua, mpaka tulipofunga safari pamoja na ahali yetu kwenda kumtazama binti wa ndugu yetu, aliyeolewa Busia miaka sita sasa. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 900, na aliyewahi kuufanya kwa basi atatuhurumia bila ya kuelezwa zaidi.

Mama mtu alitutwika nazi, papa mkavu na furushi la mchele, kwa hofu kwamba mwanawe ana njaa huko bara. Mtoto alipofungua mizigo alicheka. "Ami, mchele tunao," alisema. "Nazi ndizo nilizozikosa." Na kweli mchele hulimwa kusini mwa kaunti yake mwenyewe, katika mashamba ya Bunyala, kwa maji ya mto Nzoia. Furushi tulilolibeba usiku na mchana lilikuwa limerudi kwa jamaa zake.

Asubuhi ya pili tuliomba atuchukue sokoni, tuone mwanamke wa mpakani hujazaje kapu lake. Mumewe alishangaa kuona shekhe ana hamu ya kwenda kununua nyanya. Hakika waume wengi wa kwetu hulijua soko kwa kulipia tu, na huu si mwenendo wa kujivunia.

Upande wa Kenya nafaka hupimwa kwa gorogoro. Hili ni kopo la bati la mafuta ya kupikia, la kilo 2, ambalo limegeuka kuwa kipimo cha nchi nzima kwa mahindi, maharagwe, omena na unga. Pembeni mwake kuna vikopo vidogo kwa mwenye fedha chache. Tulikuta wimbi, mtama, njugu na ufuta, na makopa ya muhogo yaliyokaushwa, kwa sababu ugali wa huku si mweupe kama wetu. Wateso na Wasamia huchanganya muhogo na wimbi au mtama, ukatoka wa rangi ya udongo, na ukishauzoea ule wa mahindi matupu huonekana hauna ladha. (Wimbi hilo hilo wengine hulifanyia pombe ya mtungini. Binti yetu alitupitisha haraka.) Mboga zilikuwa nyingi kuliko majina tuliyonayo: mrenda, saga, kunde, majani ya maboga.

Omena ni dagaa wetu wa ziwani. Samaki mkubwa wa Ziwa Viktoria, ambaye wao humwita mbuta na Watanzania humwita sangara, minofu yake hukatwa viwandani na mingi husafirishwa Ulaya. Kinachobaki ni kichwa na uti wa mgongo, nacho hukaangwa na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi. Akina mama wenye watoto wengi walikuwa wamelizunguka karai la mgongo wazi kuliko meza yoyote nyingine ya samaki. Tulinunua, tukala, ni tamu. Lakini ni mifupa, na ziwa li karibu.

Kisha tukavuka. Msomaji asidhani mpaka wa Busia ni mto au mlima. Ni mji mmoja uliokatwa, na hata jina ni moja pande zote mbili. Mpaka mwaka 1902 eneo hili lote lilihesabiwa kuwa Uganda, kabla ya Waingereza kulihamisha jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wazee wetu wa misafara waliopita Mumias kwenda Buganda, na kuacha Uislamu katika mji wa Nabongo Mumia, hawakukuta lango lolote hapa. Leo lango lipo, na tangu 2018 kituo ni cha pamoja: maofisa wa nchi mbili huketi chini ya paa moja, na msafiri husimama mara moja badala ya mbili.

Hapo langoni tuliwaona ndugu wenye ulemavu wa miguu wakiendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa mikono, zimesheheni magunia na makatoni. Kuvusha bidhaa ndiyo kazi yao, nao wanajulikana mji mzima. Waendesha boda nao wanajivunia kwamba jina lao lilizaliwa mpakani huku, pale wenye baiskeli walipokuwa wakiita abiria "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka.

Soko la upande wa pili ni Sofia. Binti yetu huja huku kwa matoke, mayai, maharagwe na nanasi. Hapo lilitokea jambo dogo lililotufurahisha. Pojo, ambazo upande wa Kenya tulisikia zikiitwa ndengu, muuzaji wa Uganda alizitaja kwa jina la choroko. Ahali yetu ni mzaliwa wa Lamu, nyumbani kwao ni chooko. Aligeuka akatutazama kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Fedha zilibadilishwa njiani, kwa wale wanaoshika mabunda mkononi. Shilingi moja ya Kenya hupata shilingi kati ya 25 na 30 za Uganda, na bei hubadilika. Mmoja alimwambia binti yetu, kwa wema tu, achukue nusu sasa na nusu atampa akirudi, kwani wanajuana. Tulimzuia. Kubadilishana fedha kwa fedha sharti yake ni mkono kwa mkono, kila mmoja aondoke na haki yake yote kabla hawajaachana. Kuchelewesha upande mmoja kunaingiza riba hata kama hakuna aliyekusudia. Akina mama wanaovuka kila siku na walizingatie hili, maana kuzoeana ndiko kunakosahaulisha.

Swali zito lilikuja tulipokuwa tukirejea. Kulia kwetu kulikuwa na uchochoro, na wanawake wakiingia humo na mafurushi vichwani. "Ami," aliuliza, "sukari ikipitishwa pale, ni halali kuinunua?" Tulimweleza kwanza yale yanayojulikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 2005, na mazao yaliyotoka ndani ya nchi wanachama hayatozwi ushuru wa kuingiza. Mfanyabiashara mdogo mwenye mali isiyozidi dola 2,000 amewekewa utaratibu mwepesi, na kwa bidhaa zilizomo katika orodha hupewa cheti cha asili papo hapo mpakani. Kwa hivyo mwenye gunia la maharagwe ya Uganda hana haja ya njia ya panya. Mali iliyotoka nje ya jumuiya ni jambo jingine.

Alitusikiliza kwa adabu, kisha akajibu kwamba mama wa gunia moja hajui habari za cheti, huogopa sare na maswali, na marufuku hutangazwa leo na kuondolewa kesho. Ni kweli, Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yalizuiliwa kuingia Kenya kwa sababu ya sumu ya kuvu, na baada ya siku chache yakaruhusiwa kwa masharti. Tulimwambia kwamba sukari kwa dhati yake haiharamiki kwa kupita uchochoroni, lakini utii wa kanuni isiyoamrisha maasi ni katika ahadi zetu, na anayejua njia iliyo wazi asijifiche. Kuhusu yule asiyejua, tulinyamaza. Hatukuona kuwa ni letu kumhukumu kabla ya kumfundisha.

Malaba tulikwenda siku ya tatu. Huko mpaka ni mto, na reli ya zamani kutoka Mombasa huuvuka. Soko lake limekaa kwa kufuata malori: ndizi, mahindi ya kuchoma, maji, vitanga vya nyanya kando ya foleni. Tulisikia madereva wakizungumza Kimvita safi. Wenyeji walitusimulia mwaka 2020, wakati wa korona, watu walipozuiliwa kuvuka na madereva wakingoja kupimwa, foleni ikanyooka makumi ya kilomita. Malori yalipita hatimaye. Mama wa vitanga, ambaye wateja wake wako ng'ambo ya daraja, alikaa nyumbani miezi.

Turudi Sofia, kwani lipo tuliloliweka kando. Muuza maharagwe wa huko alitumia mizani. Binti yetu alikuwa na gorogoro lake kapuni, alilolinunua kuukuu sokoni, na ahali yetu kwa udadisi akaomba lijazwe mchele na kupimwa. Mizani ilisoma kilo 1 na robo tatu. Tukalipindua. Kitako kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani. Sote tunajua Sura ya Al-Mutaffifin imefunguliwa kwa onyo gani.

Binti yetu alinyamaza njia nzima. Usiku ndipo alipotuambia kwamba kila Ramadhani fitri yao huitoa kwa gorogoro lile, moja kwa kila kichwa, akidhani ndilo pishi. Pishi ni vibaba vinne, na kwa mchele hukadiriwa kilo 2 na nusu. Hata gorogoro lisilogongwa halifiki. Hakuwa na kosa la kukusudia, na tulimwambia hivyo mara kadhaa kwa sababu alikuwa akilia. Lakini haki ya maskini hubaki dhimmani mwa aliyewajibika kuitoa, naye ni mume, kwa hivyo tulimwita tukakaa kuhesabu. Miaka miwili walikuwa wawili, miaka miwili watatu, miaka miwili wanne: vichwa 18. Kila kichwa kimepungukiwa robo tatu ya kilo. Jumla kilo 13 na nusu.

Asubuhi ya kuondoka kwetu mume alinunua mchele wa Bunyala kilo 14, kwa mizani, akaufungasha katika mifuko midogo. Baadhi ya majirani wa kupewa ni wale wale tuliowaona kwenye karai la mgongo wazi. Gorogoro mke alikataa litupwe. Alilijaza mchele wa kilo 2 na nusu uliokwisha kupimwa, ukamwagika, akaukusanya uliomwagika katika kikombe kikubwa, akakitia kikombe alama kwa msumari. Fitri ijayo, gorogoro moja na kikombe hiki mpaka kwenye alama.