Waliojua Kunyamaza

Sisi tuliokua Ilongero, mkoani Singida, wakati redio zikihesabika kwa vidole tuliwajua watangazaji kwa sauti tu. Redio niliyoizoea ilikuwa National ya jirani yetu mwalimu, nayo jioni iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa ili kila aliyeketi uani aisikie. Betri zilikuwa ghali, na kuna miezi hazikupatikana dukani kwa bei yoyote. Zilipoanza kuchoka zilitolewa asubuhi zikaanikwa juu ya paa la tembe, pembeni ya mtama, na mtoto mmoja akapewa kazi ya kuzigeuza kadiri jua lilivyohama. Kazi hiyo niliifanya kwa miaka kadhaa, na niliifanya kwa heshima. Jioni betri zilirudishwa, tukajaliwa saa moja zaidi ya sauti. Saa hiyo ilitunzwa kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku na Mazungumzo Baada ya Habari. Aliyetaka kukohoa alitoka nje ya ua.

Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kuitwa hivyo mwaka 1965, na kwa karibu miaka 30 baada ya hapo sisi wa bara hatukuwa na televisheni. Wenzetu wa Zanzibar waliipata, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi tulilelewa na sikio. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa rika langu akisikia majina ya Paul Sozigwa, David Wakati au Julius Nyaisangah, huinua kichwa kana kwamba ameitwa yeye. Walitamka kila silabi. Walijua mahali pa kuvuta pumzi, na pumzi ile nayo ilikuwa sehemu ya maneno. Nyaisangah, ambaye vijana walikuja kumwita Uncle J, alikuwa na kicheko kifupi cha chini ambacho hakikumfunika aliyekuwa akizungumza naye. Alipofariki Oktoba 2013 huko Morogoro, nilikuwa shambani nikivuna vitunguu, na niliacha kazi kwa siku hiyo.

Sitaficha upungufu wa wakati ule. Redio ilikuwa ya Serikali na kiongozi hakubanwa kwa maswali. Mkuu alizungumza, sisi tukasikiliza, na swali gumu mtu alibaki nalo moyoni. Kijana akiniambia kwamba siku hizi waziri anaulizwa mbele ya watu kwa nini barabara haijakamilika, nami namwambia kuwa hiyo ni hatua kubwa ambayo kizazi chetu kiliitamani bila kuipata.

Mambo yalibadilika mwaka 1994, zilipoanza Radio One na ITV. Usiku wetu ukapata wageni wapya, na kwa mara ya kwanza tukaona jinsi mtu anavyomtazama anayemuuliza. Nilikuwa nikienda Singida mjini kwa gari la alizeti, nalala kwa ndugu, ili tu nitazame mazungumzo ya usiku. Hapo ndipo nilipoanza kuwapima waendesha vipindi mmoja mmoja, kama mkulima anavyopima mbegu kwa kuzitia mkononi. Jenerali Ulimwengu, katika kipindi chake cha Jenerali on Monday pale Channel Ten, alikuwa mtu wa hoja. Swali lake lilikuja na historia yake, lina mkono na mguu, na mgeni ambaye hakuwa amesoma alijikuta uwanjani peke yake. Nilimpenda kwa sababu hakumdharau mtazamaji. Hakuona haja ya kutupunguzia ugumu wa jambo eti kwa sababu tuko vijijini.

Lakini aliyenifundisha zaidi ni Tido Mhando. Huyu tulimfahamu tangu Redio Tanzania, tukamfuata kwa masafa mafupi alipokuwa Idhaa ya Kiswahili ya BBC kule London, akarudi nyumbani mwaka 2006 kuiongoza televisheni ya taifa, na baadaye tukamwona kwenye televisheni ya Azam katika kipindi cha Funguka. Mtazameni anavyouliza. Swali lake ni fupi, mara nyingi halizidi pumzi moja. Akishauliza, anakaa. Mgeni anajibu lile jibu alilokuja nalo kutoka nyumbani, anamaliza, anangoja swali jingine. Tido hamletei. Anamtazama tu, kwa adabu, bila ukali. Mgeni anaona kimya kimekuwa kirefu, anaongeza sentensi moja, na katika sentensi hiyo ndimo ukweli unamotokea. Ustadi huo hakuuokota studio. Ni tabia ya barazani: mzee akimaliza kusema hajibiwi haraka, anaachiwa nafasi, kwa sababu huenda neno kubwa bado liko nyuma ya ulimi.

Vijana wana njia yao, na sitaki kuikanusha. Salama Jabir, katika Mkasi ya EATV, aliwaketisha wasanii kwenye kiti cha saluni akazungumza nao kama dada wa mtaani, bila kuwaogopa na bila kuwasujudia, nao wakamwambia mambo ambayo mzee kama mimi wasingemwambia. Huo ni ufundi halisi, na unastahili kuandikwa pamoja na ule wa wakubwa wake. Kule Kenya, Jeff Koinange, aliyewahi kuwa mwandishi wa CNN barani Afrika, amejenga usiku wake juu ya sauti kubwa na mshangao: anapaza, anarusha mikono, anamsifu mgeni hadi mgeni anavimba na kusema asichokusudia. Wajukuu wangu humfurahia sana. Mimi humtazama kwa makini, lakini kila mara najikuta nakumbuka zaidi alivyosema yeye kuliko alivyosema mgeni wake.

Wengi wa vijana wameazima mtindo wa vipindi vya usiku vya Marekani, ile meza, ile sofa, ile bendi pembeni na mzaha wa kufungulia. Kuazima si dhambi, hata Trevor Noah, kijana wa Afrika Kusini, alikaa kwenye kiti cha namna hiyo huko New York kuanzia 2015 hadi 2022, akakitendea haki. Ila Johnny Carson, mwendesha kipindi wa Marekani ambaye wengi wao humfuata bila kumjua, alidumu kwenye kipindi chake miaka 30, kutoka 1962 hadi 1992, na waliofanya naye kazi walimsifu kwa kumwachia mgeni ang'are. Meza imesafiri hadi kwetu, na bendi imesafiri. Subira imebaki njiani.

Desemba iliyopita mjukuu wangu alikuja na simu na stendi yake. "Shikamoo babu, nataka nikuhoji," akasema, akaniweka chini ya mwembe. Akaniuliza habari za mwaka 1974, tulipohamishwa na Serikali kwenda kijiji cha pamoja, wakati wa njaa iliyotulisha unga wa njano. Nilipoanza tu kusema juu ya siku ya kubomoa nyumba, akaniingilia: je, mlijisikiaje? Kabla sijajibu akaleta jingine, na jingine, na kwa dakika ishirini nilimpa majibu mafupi ambayo angeweza kuyapata kwa mtu yeyote. Nikamwomba azime. Nikamsimulia habari ya redio juu ya kinu na betri juu ya tembe. Nikamwambia, mjukuu wangu, uliza mara moja, kisha nyamaza hata ukiona aibu.

Akawasha tena. Akauliza: "Babu, ile nyumba mliibomoaje?" Halafu akafunga mdomo, na niliona jinsi ilivyomgharimu. Nami nikasema jambo ambalo watoto wangu mwenyewe hawajalisikia: mama yangu alikataa kutoka, na boriti ya kwanza ya tembe ile niliitoa mimi kwa mikono yangu, yeye akiwa ameketi ndani anachambua mtama.

Kijana ananiambia sasa anaikata rekodi ili iwe fupi, watu wa siku hizi hawana muda. Kabla ya jibu langu kuna sekunde kumi na nne ambazo hazina neno lolote, ni upepo na kuku tu. Nimemwomba asiziguse.