Kaburi Lisilo Udongo

Ngokolo, katika Manispaa ya Shinyanga, haina bahari. Ina jua kali, ina ng'ombe, na iko kwenye nchi iliyopitiwa na reli iliyotoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Maji makuu ya Usukumani ni nyanza, na nyanza ina ng'ambo: anayeivuka hutarajiwa kurudi. Mzee akitaka kuwakumbuka wahenga wake hujua pa kwenda, kwani wamelala katika udongo ule ule anaoulima. Kwa watu wa nchi kama hiyo, habari ya kijana aliyefia baharini huwa msiba na fumbo kwa pamoja. Tambiko lake lifanywe wapi?

Vita Vikuu vya Pili viliwatoa makumi ya maelfu ya vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda makwao, wengi wao watu wa bara. Katika kambi walipewa bunduki, na walipewa pia Kiswahili, lugha ya amri na ya masikilizano baina ya makabila. Kisha wakapelekwa pwani, na pwani wakapakiwa melini.

Miongoni mwa meli hizo ilikuwamo Khedive Ismail. Ilijengwa Greenock, Uskochi, mwaka 1922, ikaitwa Aconcagua, ikawachukua abiria wa Chile. Mwaka 1935 ilipata wenyewe wapya, Wamisri, na jina jipya. Mwaka 1940 Waingereza wakaitwaa iwe meli ya askari. Aprili 1941 ilikuwamo katika msafara uliotumwa Ugiriki kuwaokoa wapiganaji waliokuwa wakirudi nyuma. Meli iliyoundwa kwa ajili ya starehe ya abiria ikaishia kubeba watu wa vita.

Mwanzoni mwa Februari 1944 iling'oa nanga Kilindini, Mombasa, pamoja na meli nyingine nne za askari, zikilindwa na manowari Hawkins na, baadaye, Petard na Paladin. Safari ilikuwa ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo watu 1,511: mabaharia, wauguzi na wanawake wengine wa jeshi, na askari 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki.

Jumamosi, tarehe 12 Februari, baada ya adhuhuri, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama katika muda usiozidi dakika mbili. Waliokuwa chini hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi.

Lililofuata ni zito kulisimulia. Nyambizi ilijificha chini ya maji yale yale waliyokuwa wakielea manusura. Kuiacha kulikuwa kuzihatarisha meli zilizosalia na maelfu waliokuwamo; kuipiga kulikuwa kuwapiga wenzao. Manowari zikadondosha mabomu ya kulipukia kilindini, na baadhi ya waliookoka na topido wakauawa na walinzi wao. Nyambizi iliibuka, Paladin ikaigonga ikaumia yenyewe, na mwishowe Petard ikaizamisha kwa topido. Waliotolewa majini wakiwa hai ni wanaume 208 na wanawake sita. Waliokufa ni 1,297.

Mwenye kukipenda Kiswahili hawezi kulipita jina la bandari ile bila ya kusita. Kilindini ni mahali penye kina. Vijana wa bara waliondoka kwenye kilindi chenye gati na taa, wakaishia kwenye kilindi kisicho na gati wala taa.

Watu wa pwani wanaujua msiba wa namna hii. Jahazi lisiporudi, wana sala ya ghaibu kwa maiti asiyekuwapo, na wana tungo za kuomboleza. Shaaban Robert alivitungia vita vile utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, ambao ulitolewa kitabu mwaka 1967. Lakini bahari ambayo pwani imezoea kuililia, bara imeijua kwa kuambiwa tu, na mama wa bara hakufundishwa namna ya kumlilia mtu asiye na kaburi.

Nairobi, katika makaburi ya askari wa vita, ipo Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, inayowaenzi pia waliozama na Khedive Ismail. Jiwe ni heshima. Hata hivyo jiwe halisomeki kutoka Ngokolo, na jina lililochongwa halina sauti mpaka litamkwe. Jukumu hilo ni la lugha, na hasa la lugha ile ile waliyoagana nayo gatini: iwatwae watu wa nyanza na watu wa bahari, iwaombolezee pamoja. Ubeti hauchimbwi ardhini wala hauzami majini. Kwa asiye na udongo, ubeti ndio kaburi lake.