Pumba Si Upuuzi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humuumbua. Yangu niliyaficha muhula mzima. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, na maradhi yenyewe yalikuwa kufunga choo. Ni nani angesimama mbele ya wenzake akalitangaza jambo kama hilo? Nilihudhuria mihadhara tumbo likiwa limekaza kama ngoma, hadi siku nilipoona damu msalani. Hapo nilipiga moyo konde nikaenda zahanati.

Daktari alinipima, akaniambia ni mchubuko uliotokana na choo kigumu, kisha akanielekeza kwa muuguzi, mama wa makamo. Yeye hakuanza na dawa bali swali.

"Mwanangu, umekula nini tangu Jumatatu?"

Nikahesabu: mkate mweupe na chai asubuhi, chipsi mchana, ugali wa unga mweupe wa pakiti usiku, pamoja na sukuma wiki kidogo. Matunda hayakuwapo. Maji, kikombe kimoja.

"Na nyumbani hawakupi chochote?"

Swali hilo lilinichoma. Chini ya kitanda changu bwenini palikuwa na mfuko wa unga alionifungia mama, wa mahindi ya shambani kwetu, yaliyosagwa bila kukobolewa. Wenzangu waliicheka rangi yake, wakauita chakula cha kuku. Tangu siku hiyo sikuugusa.

Sisi wanafunzi wa lugha twajua kwamba pumba ni maganda ya nafaka, na vilevile ni maneno yasiyo na maana. Lugha yenyewe imetuzoeza kuyadharau maganda, ilhali humo ndimo zilimo nyuzinyuzi kwa wingi. Utumbo mdogo hauwezi kuzimeng'enya. Hupita hadi utumbo mpana, nyingine zikiwa zimeshika maji, nazo hulainisha choo na kukisukuma. Denis Burkitt, tabibu mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda katika miaka ya 1950, alitambua kuwa maradhi kadhaa ya utumbo yaliyoenea Uingereza yalikuwa nadra miongoni mwa Waafrika wa mashambani. Baadaye aliwahimiza watu wa kwao wale nafaka isiyokobolewa. Naam, mgeni aliyaheshimu maganda niliyoyaonea haya mimi mwenyeji!

Mnamo mwaka wa 2023, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Mwanafunzi hahitaji utajiri ili azipate. Githeri, ndengu, maharagwe, uji wa wimbi, majani ya kunde, viazi vitamu na mapera yanayoliwa pamoja na mbegu zake, vyote vimo sokoni. Muuguzi alinionya nisikurupuke, kwa kuwa aziongezaye ghafla hujaa gesi, na asiyekunywa maji huenda akazidi kufunga choo. Basi nilianza na uji asubuhi. Wiki iliyofuata nikaongeza maharagwe. Kabla ya muhula kwisha, nilikuwa nimesahau maumivu.

Lakini ule mfuko sijausahau. Nilipoufungua hatimaye, fukusi walikuwa wamenitangulia. Nikampigia mama simu kumwomba mwingine.

"Kumbe ule umekwisha upesi hivyo?" aliuliza kwa furaha.

Sikuwa na la kumjibu.