Babu, Leo Nina Miaka Mingapi?



Wanavyuoni wetu wamesema kuwa neno safari, katika asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kufunua, kwani safari hufunua tabia za watu. Jambo hili nimewasomesha wanafunzi wangu hapa Kisarawe kwa miaka mingi, wala sikudhani kuwa iko siku litanifunua mimi mwenyewe mbele ya mjukuu wangu.

Ulikuwa mwezi wa Juni, shule zimefungwa. Mwanangu, ambaye makazi yake ni Kibaha, alitaka kuwapeleka watoto Unguja kwa boti, kwenda asubuhi na kurudi jioni, wakauone Mji Mkongwe. Akaniomba nifuatane nao. Nikalala kwake Maili Moja, na baada ya Sala ya Alfajiri tukashika njia ya Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 40 hivi, mama yao amepakata kapu la maandazi na chupa ya chai.

Penye dirisha la tiketi karani aliuliza umri wa watoto, kwani aliyetimiza miaka 12 alitakiwa kulipa nauli ya mtu mzima. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa ameitimiza tangu Shaaban. Mwanangu akajibu, "Ana kumi na mmoja." Mimi nilikuwa nyuma yake, nikasikia, nikanyamaza. Nilijiambia kuwa maisha ni magumu, na watoto ni wanne.

Tulipotoka nje ya bandari, kusi lilikuwa limekaza. Boti ikayumba, na baadhi ya abiria wakatapika. Nikawasomesha watoto dua ya kupanda chombo, itokanayo na maneno ya Nabii Nuhu (A.S.). Mjukuu wangu akaisoma mpaka mwisho, kisha akaninong'oneza: "Babu, leo nina miaka mingapi?"

Sikuwa na jibu. Ramadhani iliyopita mtoto huyu alifunga mwezi mzima, nasi tukamwambia kuwa ameshakuwa mkubwa. Je, awe mkubwa mbele ya Mwenyezi Mungu na mdogo mbele ya karani?

Ndugu Msomaji, usiseme kuwa ni pesa kidogo. Katika Qur'ani Tukufu iko Sura iliyopewa jina la wapunjao vipimo, na nauli nayo ni kipimo. Na baharini uwongo una uzito zaidi. Twaikumbuka meli ya Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilipakia watu kupita kiasi chake, wala orodha ya abiria haikulingana na watu waliokuwamo. Msiba kama ule hauanzi siku ya wimbi. Huanza nchi kavu, pale mmoja anapoandikisha lisilo kweli na mwenziwe akanyamaza. Nami siku ile nilikuwa miongoni mwa walionyamaza.

Tuliposhuka Unguja tukawatembeza watoto vichochoro vya Mji Mkongwe, kisha tukaingia Msikiti wa Malindi, ule wenye mnara uliochongoka, si mbali na bandari. Baada ya sala nilimwambia mwanangu bila ya ukali: "Kosa hili ni letu sote wawili. Wewe ulisema, mimi nilinyamaza."

Akainama kitambo, kisha akasema, "Baba, tukilipa nauli hiyo, pesa ya chakula cha mchana haitatosha."

"Maandazi yamebaki kapuni," nikamjibu.

Tukaenda bandarini pamoja na mtoto. Mwanangu mwenyewe akaeleza dirishani, akalipa nauli kamili ya kurudi na upungufu wa ile ya kuja. Karani akatutazama kwa mshangao, kisha akamuuliza mtoto, "Na wewe una miaka mingapi?" Akajibu kwa sauti ya kusikika, "Kumi na miwili!"

Jioni tulirejea Kibaha na njaa kidogo, na mtoto ameishika tiketi yake njia nzima.

Basi, enyi wazazi wenzangu, twawalipia watoto ada ya madrasa wakafundishwe ukweli. Lakini darsa yenyewe huisoma kwetu, penye dirisha la tiketi, dukani na mlangoni mwa nyumba. Tuchunge ndimi zetu, na tuchunge pia kunyamaza kwetu.

Wabillahi Tawfiq.