Hofu ya Sindano

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, nyimbo, mavazi na methali. Sisi tuliozoea kutunga mashairi hatuwezi kuyadharau mambo hayo. Hata hivyo, utamaduni hukaa pia mahali pasipochezwa ngoma. Hukaa katika neno ambalo mzazi humwambia mtoto anayetokwa na damu, na katika namna anavyomshika mkono kumpeleka hospitali. Neno hilo nalo hurithiwa, kama zinavyorithiwa hadithi za sungura na fisi. Katika insha hii twataka kulieleza neno moja la namna hiyo, ambalo sisi wenyewe tulilitumia kwa miaka mingi bila kulifikiri.

Kila msomaji analijua. Mtoto akikataa kula huambiwa, "Daktari huyo anakuja, atakuchoma sindano." Akipanda juu ya meza, sindano. Akilia usiku, sindano. Bibi yetu alituambia hivyo, naye alitupenda kupita kiasi. Tulipojaliwa watoto wetu, tukawaambia vile vile, wala hatukuona kosa, kwa maana tisho lile lilifanya kazi upesi kuliko maelezo.

Tulipaswa kuliona kosa hilo mapema, maana kazi ya mtunzi ni kupima maneno. Katika lugha yetu, moto huchoma na sindano huchoma. Mtu mzima hutofautisha maana hizo mbili bila taabu. Lakini mtoto aliyekwisha kugusa jiko la mkaa anajua kuchoma ni nini, na aambiwapo kwamba daktari atamchoma, huenda asifikirie tundu dogo la sindano. Huenda akafikiria jiko.

Mwaka 2004 tulikuwa tukifanya kazi katika wilaya moja ya mkoa wa Morogoro, tukikaa katika kota za watumishi. Nyuma ya kota palikuwa na banda lililobomolewa, na mbao zake zilirundikwa pale pale zikiwa na misumari yake. Tuliwakataza watoto kuchezea mahali hapo. Hatukuwaeleza sababu. Tuliwaambia tu kwamba atakayeumia pale atapelekwa kuchomwa sindano.

Mwanetu wa kiume alikuwa na umri wa miaka sita, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Siku moja alikwenda pale kutafuta kipande cha ubao wa kutengenezea gari la makopo, akakanyaga msumari. Ulipenya kandambili, ukaingia katika unyayo. Aliuchomoa mwenyewe, akanawa mguu bombani, akanyamaza. Dada yake, aliyekuwa na miaka tisa, alimwona, naye akaapishwa asiseme. Kwa siku nne mtoto yule alikwenda shule na kurudi. Mama yake alipomwona anachechemea, alijibu kwamba amejikwaa.

Usiku wa siku ya nne homa ilimpanda. Mtoki ulikuwa umemtoka kinenani, na mguu umevimba hata kandambili haivaliki. Tulipouinua karibu na taa tuliona tundu jeusi, na usaha pembeni yake. Tukamwuliza kwa sauti ambayo leo twaionea haya, "Kwa nini hukusema?" Akajibu, "Baba, wewe ulisema atakayeumia atachomwa sindano."

Hatukuwa na jibu. Mtoto alikuwa ametutii. Alikuwa amelipima tisho letu dhidi ya maumivu yake, akaona maumivu ni afadhali. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua; lakini mficha maradhi huyu, aliyemfundisha kuficha alikuwa ni sisi.

Msomaji na aelewe tuliogopa nini usiku ule. Tuliogopa pepopunda. Wengi hudhani kwamba ugonjwa huo huletwa na kutu ya msumari. Sivyo. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama, na hupenda kidonda chembamba kilichozama, mahali pasipofika hewa. Dalili zake huweza kuonekana baada ya siku chache au hata majuma matatu, na mara nyingi dalili ya kwanza ni taya kukaza. Ugonjwa ukishashika, kuutibu ni kazi ngumu sana. Kuuzuia ni rahisi, na kinachouzuia ni sindano, ile ile tuliyoifanya zimwi nyumbani mwetu.

Kulipopambazuka tulimbeba mpaka hospitali. Njiani aliuliza, "Baba, itauma?" Tukamjibu, "Haitauma hata kidogo." Hilo lilikuwa kosa letu la pili, nalo lilizaliwa na la kwanza. Mwenye kutisha kupita kiasi hujikuta siku moja analazimika kudanganya kupita kiasi.

Tabibu aliomba kadi ya kliniki. Kwa bahati mama yake alikuwa ameihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya nyumba nzima. Kadi ilionyesha kwamba mtoto alikwisha kupata chanjo zake tatu za uchangani za kuzuia dondakoo, kifaduro na pepopunda. Moyo wetu ulitua kidogo. Tabibu akaeleza kwamba kwa kuwa kidonda ni kichafu, na chanjo ya mwisho imepita miaka mitano, angempa nyingine ya kuongeza nguvu. Kisha jipu lingepasuliwa na kusafishwa, na dawa za kuua vijidudu zingefuata.

Mtoto alipoona sinia la vyombo, alitutazama. Hakulia. Alitutazama tu, kama mtu anayemtazama muuza duka aliyempunja. Tukarudia, "Haiumi, mwanangu. Mwanamume halii." Muuguzi aliyekuwa pale, mama wa makamo, alitukata kauli kwa upole. "Baba, usimwambie hivyo. Ataniona mimi ndiye mwongo." Akachuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto, akasema, "Mjukuu wangu, itauma. Itauma kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Ukitaka kulia, lia. Mguu tu usiutikise. Unajua kuhesabu?"

Mtoto wa darasa la kwanza huona fahari kuulizwa kama anajua kuhesabu. Akaanza. Alipofika saba alipiga kelele, kisha akaendelea na nane. Alipofika ishirini kazi haikuwa imekwisha, na muuguzi hakumficha. "Bado kidogo. Nihesabie kumi nyingine." Akahesabu kumi nyingine huku machozi yakimtiririka, na mguu haukutikisika. Mkono wake ulikuwa umeshika kidole chetu, lakini macho yake yalikuwa kwa mama yule. Ndiye aliyemwamini.

Baada ya majuma mawili kidonda kilifunga. Katika siku zile tuliandika ubeti mmoja, ambao twautoa hapa, si kwa uzuri wake, bali kwa kuwa ndiyo toba yetu:

Mwana akikuuliza, "Je, dawa itaniuma?"
Usije kumpumbaza, ukweli ukamnyima;
Mwambie ukiliwaza, karibu naye simama,
Uchungu hutaupoza, ila hofu itakoma.

Tangu siku ile tumekuwa tukikumbuka jambo la utoto wetu. Mwaka 1973, tukiwa na umri wa miaka sita kama mwanetu yule, nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Walielezwa malaria huletwa na nini, kichocho hupatikana wapi, na kwa nini choo kichimbwe. Baada ya kuelewa, walitoka na majembe wakachimba vyoo. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika kueleza sababu. Twajiuliza, je, tuliwaheshimu wazee wetu kwa kuwaeleza, na watoto wetu tukaona yawatosha kutishwa? Mtoto wa miaka sita angeelewa kabisa iwapo tungemwambia, "Kuna misumari pale. Ukichomwa na msumari, njoo uniambie upesi, nikupeleke upate dawa."

Lugha yetu yenyewe imetupa njia bora. Tunalo neno pole, ambalo halimlaumu aliyeumia wala halimdanganyi. Lasema tu kwamba maumivu yako tumeyaona. Tunalo neno kuuguza, ambalo kwalo tumempata muuguzi, na ambalo humhusu vile vile mama anayekesha nyumbani na mgonjwa wake. Tunalo hata neno mganga, lililotoka katika kuganga, nalo mpaka leo limo katika vyeo vya wakuu wa tiba wa wilaya na mikoa yetu. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo lenye kutisha.

Yule dada aliyeapishwa sasa ni mama. Mwaka 2024 alikuja kututembelea na bintiye wa miaka minne, na asubuhi moja mtoto akajimwagia chai ya moto mkononi. Bibi yake alikwisha kunyanyuka kutafuta dawa ya meno ya kupaka, kama tulivyofanyiwa sisi zamani. Binti yetu alimzuia kwa adabu, akauweka mkono wa mtoto chini ya bomba, maji safi ya kawaida yakapita juu yake kwa dakika ishirini, bila mafuta, bila yai, bila dawa ya meno. Kisha akaufunika kwa kitambaa safi, tukaondoka kwenda hospitali. Njiani tukasikia swali lile lile: "Mama, itauma?" Binti yetu akajibu, "Wakikuosha, ndiyo, itauma kidogo. Nitakuwa hapo." Mtoto akafikiri, akauliza kama anaruhusiwa kulia. Akaambiwa anaruhusiwa.

Walimu mnaosoma kurasa hizi, mnawapokea watoto hao hao shuleni. Mwanafunzi aliyejikata kwa jembe au kwa panga la kufyekea, akijua kwamba ataanza kuchapwa kabla ya kuoshwa kidonda, atakificha. Aoshwe kwanza kwa sabuni na maji mengi safi, apelekwe zahanati, kadi yake itafutwe, maonyo yatangoja. Nanyi wanafunzi, ambao baada ya miaka si mingi mtakuwa wazazi, na wengine wenu waganga na wauguzi, yaacheni maneno ya sindano yaishie kwetu. Mtarithi kwetu mengi mema. Hilo msilirithi.