Nani alichagua tarehe ile?

Wiki hii napenda tuongee juu ya tarehe. Si tarehe ya masomo kuanza, lakini ile ambayo Leta inaandika kwenye karatasi na kusema: aliyezaliwa mbele ya siku hii atasaidiwa, aliyezaliwa nyuma yake hapana.

Dada yangu anajua uchungu wake. Mvua ilipobomoa nyumba za kartie yake, orodha ya msaada ilifungwa siku ya tatu. Yeye alikuwa maternite. Aliporudi na mtoto mgongoni, aliambiwa: "Mama, umechelewa." Lakini nyumba yake ilianguka sawasawa na za majirani. Tangu pale nafuatilia habari za watu waliokataa kufungiwa mlango na tarehe. Iliyonigusa zaidi inatoka Japani.

Katika mji wa Minamata, kiwanda cha Chisso kilimwaga uchafu wenye zebaki baharini mpaka mwaka 1968. Sumu iliingia katika samaki, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956: mikono kutetemeka, macho kupungua nguvu, wengine kufa. Wamama wengine hawakuonekana wagonjwa sana, lakini walizaa watoto walioharibika ubongo, maana sumu ilimfikia mtoto tumboni.

Mwaka 2009 Leta ya Japani ilitunga sheria ya kusaidia wagonjwa waliosahauliwa. Yeni milioni 2.1 kwa mtu. Kwa kawaida ilibidi uwe uliishi ndani ya mipaka iliyochorwa, na uwe umezaliwa kabla ya mwisho wa Novemba 1969. Maombi yakafungwa Julai 2012. Waliofikiria hivyo walihesabu tangu kiwanda kilipoacha kumwaga sumu. Lakini sumu haisikii kengele kama wanafunzi wangu. Samaki walibaki baharini, na watu waliendelea kuwala.

Watu 128, wengi wao wakiwa wamehamia Osaka na pande nyingine, walienda tribinali. Septemba 2023 tribinali ya Osaka iliwapa haki wote, yeni milioni 2.75 kila mmoja, hata waliokuwa nje ya masharti yale. Serikali ilikata rufaa. Machi 2024 tribinali ya Kumamoto iliwakatalia wengine 144. Ilikubali kwamba 25 kati yao ni wagonjwa kweli, lakini ikasema miaka 20 ya kudai imepita. Osaka ilihesabu miaka hiyo tangu daktari alipotambua ugonjwa. Kumamoto tangu mwili ulipoanza kuumwa. Ugonjwa ni mmoja, hesabu ni mbili.

Kule Japani wamama wana desturi ya kukausha kitovu cha mtoto na kukitunza katika kisanduku. Wataalamu walipima vitovu vile na kukuta zebaki. Kumbukumbu ya mama ikawa ushahidi.

Sisi tunazika kitovu, basi tutunze karatasi. Fishi ya kliniki, karte ya chanjo, cheti cha kuzaliwa. Hapa kwetu sheria inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto. Zikipita, ni njia ndefu ya tribinali. Hiyo nayo ni tarehe inayofunga mlango. Na zebaki haiko mbali: wachimbaji wetu wa dhahabu wanaichoma, mara nyingine kwenye jiko lile lile la chakula. Mama mjamzito asikae karibu na moshi ule.

Orodha yoyote ikipita katika kartie, tuulize pamoja: nani alichagua tarehe hii, kwa sababu gani, na aliyekuwa kitandani siku ile ataandikwa wapi? Tuulize mapema, na jibu liandikwe.